"Weka ile ya bei juu": tunauhakiki ushauri wa mafuta kwa gari kuukuu

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye magereji, vijiwe vya teksi na magrupu ya WhatsApp ya wenye magari, na huenda nawe umeshapewa: gari likizeeka, liwekee petroli nzuri, ile ya bei juu, injini itapona. Ni ushauri wenye huruma ndani yake, kama kumpa mgonjwa uji wa lishe. Kwa kuwa unatolewa kwa nia njema, watu hawauhoji. Unaingia sheli, unauliza kama wana "premiamu" au "supa", na wakikwambia hawana, unakwenda duka la vipuri kununua kachupa ka kumiminia kwenye tanki.

Leo tunauweka mezani kama watu wanavyohakiki kitabu. Unasema nini? Unaijua kazi yake? Unaacha nini nje? Mahali pa kuupimia ni Mtwara na mwambao unaoshuka hadi Msimbati, Mahurunga na Kilambo, pale Ruvuma unapoingia baharini. Huku magari mengi ni Toyota zilizokwishatumika Japani, lami inakutana na mchanga, na ukishatoka mjini petroli unaweza kuipata kwenye dumu badala ya pampu.

Na tusiseme ni mjadala wa kupitishia muda. Tuseme una IST ya teksi inayotembea kilomita 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na lita moja inakupeleka kilomita 12. Hizo ni lita 108 hivi. Ukilipa shilingi 200 zaidi kwa kila lita kwa ajili ya jina zuri, kwa mwezi zimeondoka kama 21,700, kwa mwaka 260,000. Swali ni moja: hela hiyo imenunua nini?

Okteni ni uvumilivu, si nguvu

Umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono? Ile pampu inapata moto kwa chini. Hewa ikibanwa hupata joto, na ndani ya silinda ni hivyohivyo. Injini inavuta mchanganyiko wa hewa na petroli, pistoni inaubana, kisha plagi inarusha cheche. Kwenye IST, yenye injini ya 2NZ au 1NZ, uwiano wa mgandamizo ni 10.5, yaani ujazo wa kumi na nusu unabanwa hadi kuwa mmoja. Joto lake si la mchezo.

Tunachotaka ni cheche iwashe upande mmoja, halafu moto utembee kwa mpangilio hadi mwisho, kama moto wa kusafishia shamba la mikorosho unaoanzia ukingoni. Shida inakuja pale majani ya mbele, ambayo moto bado haujayafikia, yanapojiwasha yenyewe kwa joto. Ndani ya silinda hali hiyo inatoa mlio mkavu, kama misumari inayotikiswa kwenye kopo. Fundi atakwambia injini "inagonga". Ikigonga kwa muda mrefu huku imebeba mzigo, unaweza kutoboa pistoni.

Okteni inapima jambo hilo tu: petroli inavumilia kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kujiwasha. Mizani yake ilipendekezwa katikati ya miaka ya 1920 na mkemia Mmarekani Graham Edgar. Iso-okteni, isiyojiwasha kirahisi, ikapewa 100. Heptani, inayojiwasha upesi, ikapewa 0. Petroli ya RON 95 inavumilia sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya iso-okteni na asilimia 5 ya heptani. Basi. Mizani hiyo haisemi petroli ni safi au ni mpya, na haisemi ina nishati kiasi gani.

Kama bado unaamini okteni ni nguvu, hapa Mtwara tuna ushahidi chini ya miguu yetu. Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, kwa sehemu kubwa ni methani, na okteni ya methani ni kama 120, juu ya petroli yoyote utakayouziwa. Kama okteni ingekuwa nguvu, gari lililofungwa mtungi wa gesi lingepaa. Muulize dereva aliyebadilisha: anafurahia gharama kushuka, lakini mlimani anakiri gari limepungua nguvu kidogo. Gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, na ule uvumilivu wa ziada hautumiki, kwa sababu injini yenyewe haikuundwa kubana zaidi. Uvumilivu usiotumika hauna faida.

Andiko la kwanza: kifuniko cha tanki

Sasa tuhakiki maandiko yanayomwongoza mwenye gari. La kwanza ndilo bora kuliko yote, na ndilo lisilosomwa. Fungua kifuniko cha tanki la gari lililotoka Japani. Mara nyingi utakuta kibandiko cha Kijapani. Ukiona ハイオク, linasomwa "haioku", au プレミアム, "puremiamu", gari lako liliundwa kwa petroli ya okteni ya juu. Ukiona レギュラー, "regyura", au maandishi yanayosema tu petroli isiyo na risasi, gari lako ni la petroli ya kawaida.

Ya kawaida ya huko ni ipi? Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida iwe na RON isiyopungua 89, na ile ya juu isiyopungua 96. Vitz, IST, Raum, Noah na wenzao wengi wanaojaa barabarani kwetu waliundwa kwa hiyo ya 89 na kuendelea. Kiwango cha Afrika Mashariki cha petroli ya magari kinadai RON ya zaidi ya 90. Kwa maneno mengine, petroli ya kawaida ya hapa, ikiwa imekidhi kiwango, tayari inatosha kwa magari hayo, tena inazidi kidogo.

Magari ya haioku nayo yapo: Altezza yenye injini ya 3S-GE, Subaru Forester ya tabo, na magari mengi ya BMW na Mercedes. Ukiwa na mojawapo, ushauri wa "weka ile ya juu" una mantiki kwako. Injini hizo zina sensa inayosikia kugonga na kuchelewesha cheche, kwa hiyo petroli ya chini haitaiua injini siku hiyohiyo, lakini utapoteza nguvu na gari litakula mafuta zaidi. Umeona kilichotofautisha? Ni namna injini ilivyoundwa. Umri wa gari haujaingia popote.

Andiko la pili: bango la bei

Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, EWURA hutangaza bei kikomo, na Mtwara tuna bei zetu kwa mafuta yanayoshushwa kwenye bandari yetu, kama zilivyo za Dar es Salaam na Tanga. Jedwali lina petroli, dizeli na mafuta ya taa. Linamlinda mnunuzi vizuri: ukitozwa zaidi ya kikomo unajua umeibiwa. Lakini kama andiko la kumsaidia mtu kuchagua petroli, lina upungufu mmoja mkubwa. Halina namba ya okteni.

Kuna kichekesho pia kwenye majina. Kwenye nyaraka za biashara ya mafuta ya Afrika Mashariki, petroli hii ya kila siku, ya bodaboda na ya Noah, inaitwa PMS, kifupi cha Premium Motor Spirit. Yaani kwenye makaratasi, "premiamu" ndilo jina la ile ya kawaida! Kwa hiyo mtu anayetafuta premiamu sheli baada ya sheli huenda amekuwa akiijaza miaka yote.

Marekani sheria inataka pampu ya petroli ibandikwe kibandiko cha manjano chenye namba ya okteni. Mnunuzi anasoma namba, analinganisha na kitabu cha gari, anachagua. Kwetu tunaachiwa kivumishi: supa, bora, spesheli. Kivumishi hakipimiki maabara.

Andiko la tatu: video ya Mmarekani

Kitabu cha gari kimebaki Japani, kwa hiyo unaingia YouTube. Jamaa anakwambia kwa uhakika: 87 ni ya kawaida, 91 au 93 ni premiamu. Unatoka hapo na namba kichwani, na namba hizo zinakupoteza.

Wamarekani wanaandika wastani wa vipimo viwili: RON, na kingine kinachoitwa MON kinachopimwa injini ikiwa kwenye hali ngumu zaidi na ambacho hutoa namba ndogo. Sisi, Japani na Ulaya tunazungumza kwa RON. Ile 87 yao ni kama RON 91 au 92. Ile 91 yao, premiamu, ni kama RON 95 au 96. Petroli ileile, namba mbili. Mtu asiyejua atalinganisha 91 ya video na 91 ya kwetu, aone zimelingana, kumbe ni vitu viwili tofauti.

Hata huko kwao, chama cha madereva cha AAA kilifanya vipimo mwaka 2016 kwenye magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida. Hakikuona faida ya maana ya kuyawekea premiamu, si kwenye nguvu, si kwenye matumizi, si kwenye moshi. Kikakadiria kuwa madereva wa Marekani walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja. Kama taifa lenye namba kwenye kila pampu linapoteza kiasi hicho, sisi tusio na namba tujiangalie.

Andiko la nne: chupa

Kachupa ka kuongeza okteni kanauzwa kwa lugha tamu. Baadhi yake yanaahidi kuongeza "pointi" kadhaa. Ngoja kwanza: kwenye biashara hiyo, pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni. Pointi 5 zinaweza kuwa 0.5 tu, yaani kutoka 93 kwenda 93.5. Gari lako halitajua kama kuna kitu kimetokea.

Tuwe wa haki lakini. Kuna petroli zinazouzwa kwa jina la kampuni zikiwa na viongeza vya kusafisha, na hivyo vina kazi ya kweli: vinapunguza uchafu kwenye nozeli na vali. Mwaka huohuo wa 2016, AAA walilinganisha petroli za Marekani zenye viongeza vingi na zenye vichache, na ile yenye vichache iliacha uchafu mara 19 zaidi. Kosa la matangazo ni kufunga vitu viwili kwenye kifurushi kimoja. Usafishaji ni kiongeza. Okteni ni uvumilivu. Petroli inaweza kuwa na kimoja bila kingine. Ukilipia, jua unalipia kipi.

Fundi ana nusu ya ukweli

Usimcheke fundi wako. Anaposema "gari zee linagonga" hajatunga. Injini iliyotembea sana hujenga masizi juu ya pistoni. Masizi yanachukua nafasi, hivyo mgandamizo unaongezeka, na yanabaki na joto linaloweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati. Injini iliyokuwa inaridhika na okteni fulani ikiwa mpya inaweza kudai kadhaa zaidi ikichakaa.

Mazingira yetu yanaongeza. Tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, silinda inajaa vizuri, na kadiri inavyojaa ndivyo hatari ya kugonga inavyopanda. Gari lililokuwa kimya Njombe linaweza kuanza kugonga likihamia Mtwara. Likipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala, kule juu shinikizo la hewa linapungua kama sehemu moja ya kumi na hitaji la okteni linashuka kidogo. Ila kabla ya kufika juu lazima ulimalize lile bonde, na kama ni msimu wa korosho na nyuma kuna magunia, hapo ndipo misumari inapotikisika kwenye kopo. Mchanga wa Msimbati nao ni vilevile: gia kubwa, mzunguko mdogo, mzigo mkubwa, joto. Hali hiyo ndiyo injini inaichukia kuliko zote. Kabla ya kubadili petroli, badili gia.

Nusu ambayo fundi huyo anaikosa ni hii: gari zee likigonga, okteni ya juu inaficha dalili. Chanzo kinaweza kuwa joto la injini kwa sababu rejeta imeziba, plagi zisizo saizi yake, au hewa inayoingia kwa njia ya panya na kufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Kwenye Corolla za zamani zenye distributa, huenda ni taimingi tu iliyosogezwa na mtu. Kulipia petroli ya bei juu kila wiki ili usisikie mlio ni sawa na kumeza panado kila siku kwa jino lililooza.

Na gari kuukuu kwelikweli?

Wapo wenye Land Rover za zamani wanaosema petroli ya siku hizi haina ladha ya ile ya zamani. Wana hoja, ila wanaitaja kwa jina lisilo lake. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ina mgandamizo wa 8 au hata 7, kwa hiyo haihitaji okteni kubwa. Kilichobadilika ni risasi. Tangu mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors alipogundua kuwa kiwanja cha risasi kinazuia kugonga, petroli ya dunia iliwekewa sumu hiyo, na kwa bahati risasi ikawa pia inalinda viti vya vali vilivyo laini.

Azimio la Dakar la mwaka 2001 liliweka lengo la kuiondoa Afrika kusini mwa Sahara, na hadi kuanza kwa 2006 kazi hiyo ilikuwa imefanyika. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. UNEP wanakadiria kuwa hatua hiyo inaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka. Kwa hiyo tusiililie. Mwenye Land Rover kama hiyo anahitaji viti vya vali vigumu siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa. Premiamu haitamsaidia kwa hilo.

Swali ambalo ushauri haukuuliza

Hapa ndipo ushauri wetu unapoanguka kabisa. Unauliza "ya kawaida au ya juu?" mahali ambapo swali zito ni "ni petroli tupu, au imechanganywa?"

Tanzania ina neno lake kwa jambo hilo: kuchakachua. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, kuyachanganya kwenye petroli au dizeli ilikuwa biashara. Mwaka 2010 serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Kisayansi sababu iko wazi. Okteni ya mafuta ya taa ni ndogo mno, chini sana ya nusu ya ile ya petroli, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinaishusha petroli nzima. Petroli ya kawaida iliyo safi ni bora kuliko "supa" iliyoguswa.

Dumu lina hatari yake nyingine kwenye vijiji vya wavuvi. Injini nyingi za boti ni za tu-stroki, zinazotumia petroli iliyochanganywa oili. Dumu la boti likiingia kwenye tanki la gari, oili inashusha okteni na kuchafua plagi. Muulize muuzaji dumu hilo lilikuwa la kazi gani. Pia petroli iliyokaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri inapoteza sehemu zake nyepesi, na asubuhi gari linasumbua kuwaka.

Hukumu yetu

Ushauri wa "weka ile ya bei juu" una moyo mzuri na elimu pungufu. Unachukua umri wa gari kama kipimo, wakati kipimo ni muundo wa injini. Unauza kivumishi pasipo namba. Na unamfanya mwenye gari atazame pampu huku ugonjwa uko chini ya boneti.

Kwa hiyo anza na kifuniko cha tanki: kama si haioku, petroli ya kawaida yenye kiwango inakutosha. Nunua sheli yenye wateja wengi, ambako mafuta hayalali, na chukua risiti kila mara, kwa sababu bila risiti huna ushahidi. Gari likigonga, peleka kwa fundi lipimwe joto, plagi na taimingi kwanza. Ile 21,700 ya kila mwezi iweke pembeni kwa kazi hiyo.

Kwa wanaosimamia soko tuna ombi moja. Namba ya okteni inajulikana tangu meli inaposhusha, iko kwenye cheti cha ubora cha shehena. Iandikwe kwenye pampu, pembeni ya bei, kwa tarakimu mbili tu. Siku hiyo dereva wa Kilambo ataweza kusoma kifuniko chake, kusoma pampu, na kuamua mwenyewe bila kumuuliza mtu.